Agnes wa Kasense

Malangali, Sumbawanga
Jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Skola,

Kabla hujaanza kulitafuta lile kopo jeupe la vitamini nililokuwekea kwenye begi, ujue nimelitoa mimi. Limo mfukoni mwa koti langu hapa ninapoandika, na kila nikisogeza mkono vidonge vinacheza. Usikasirike bado. Soma kwanza mpaka mwisho. Ukimaliza utakuwa na sababu zote za kukasirika, wala sitajitetea.

Nawasikia jikoni wewe na mama yako. Mnakaanga karanga za safari, na wewe unaimba ule wimbo wenu wa kwaya, sauti ya pili, unakosea palepale unapokosea siku zote. Mambo ya hosteli, ya kufuli la begi, ya kutompa simu mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia mara tatu na kesho atakwambia tena stendi mbele za watu. Mimi huko sina la kuongeza. Labda hili tu: ukifika Dodoma ukasema umetoka Sumbawanga, hatakosekana wa kukuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Mimi waliniuliza mwaka mzima. Cheka nao, yaishe.

Langu ni jingine, na nimelichelewesha miaka miwili. Juzi mama yako aliniambia, "Baba Skola, mtoto akipanda basi hajaambiwa, stendi utakwenda peke yako. Na ukirudi hapa tutaongea vizuri." Unamjua Genoveva akishasema "tutaongea vizuri". Lakini nisimsingizie mama yako. Hata asingesema, wiki hii imenifikisha mahali ambapo siwezi tena kunyamaza, na nitakueleza ni nini kilitokea.

Nianze na ile barua yako ya kuomba ufadhili parokiani. Uliniletea niisahihishe. Uliandika hivi: "Nimechagua saikolojia kwa sababu baba yangu aliwafundisha watu wa Sumbawanga wasiwafiche wagonjwa wao wa akili." Nilirekebisha koma mbili nikakurudishia. Siku ile sikula chakula cha mchana, nikakwambia tumbo linanisumbua. Tumbo lilikuwa zima kabisa.

Hebu nikueleze hiyo kazi unayoisifia, maana unaijua upande mmoja tu.

Nilipoajiriwa, hospitali ya hapa mjini haikujua inifanyie nini. Walinipa chumba cha nyuma, karibu na wanakofulia mashuka, kina dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia. Watu wakaniita daktari, na mimi si daktari. Dawa anaandika tabibu; mimi kazi yangu ni kuongea na mgonjwa na kumsikiliza, kazi ambayo bosi wangu mmoja aliiona ni uvivu wenye cheti. Nilikuwa kijana, nina hasira za karibu, na nilijiona najua kila kitu. Hasira zimepungua kidogo.

Unamkumbuka Mzee Masanja wa Mpui? Yule Msukuma aliyekuwa akituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, wewe ukimkimbia kwa sababu ya fimbo yake. Mara ya kwanza alikuja na trela la trekta, juu ya magunia ya mahindi, na katikati ya magunia alikuwa amekaa binti yake, Kabula, mikono imefungwa kwa kamba ya kukokotea ng'ombe. Alikuwa anatukana kila anayepita. Tulimfungua, akalazwa, akatibiwa, akapona. Alikuwa binti mwenye maneno, mcheshi, anaiga sauti za wauguzi wote. Alirudi kwao. Dawa zikaisha, masika yakakata njia ya kwao, na baada ya miezi michache alirudi amefungwa kamba ileile. Mara ya tatu Mzee Masanja hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi.

"Dokta," akasema, "mimi ng'ombe wangu akiumwa, bwana mifugo anakuja mpaka zizini. Anamchoma sindano palepale, ng'ombe wenzake wanaangalia tu. Mtoto wangu akiumwa mnasema nimlete mjini. Sasa kwenu ninyi mtoto ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Nililichukua lile swali nikazunguka nalo maofisini. Kila mkutano wa afya nilisimama: dawa za wagonjwa wa akili ziwe zahanati, pamoja na dawa za malaria na za kifua, wauguzi wa vijijini wafundishwe, kila kata iwe na mhudumu wa kumfuata nyumbani mgonjwa akipotea. Walikuwa wakiniona nanyoosha mkono wanaanza kukusanya makaratasi yao. "Wazo zuri, tuliweke kwenye mpango wa mwaka ujao." Miaka ijayo ilikuwa mingi. Mwishoni, nadhani kwa kunichoka, walinipa zahanati moja nijaribie. Nikachagua Mpui, kwa ajili ya Kabula.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nilikosea kwa nia njema, jambo ambalo halipunguzi kitu.

Niliomba wagonjwa wangu wapewe siku yao. Alhamisi. Nikaomba na kadi yao, ya rangi ya njano, ili muuguzi akiiona tu asiwakalishe foleni. Niliona nimewapa heshima. Mwezi wa pili haujaisha, Mpui nzima ilikuwa inaiita Alhamisi siku ya vichaa. Mama mwenye mtoto wa kikohozi akija Alhamisi, watu nje wanamwambia, "Rudi kesho, leo ni ya vichaa." Niliwahi kuyasikia hayo kwa masikio yangu. Nikasema watazoea.

Kabula alikuwa amekaa zaidi ya mwaka akiwa mzima. Kuna familia ilishaleta wajumbe kwa Mzee Masanja kumposa, na mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri. Alhamisi moja shangazi wa yule kijana alipita zahanati na mjukuu, akamkuta Kabula kwenye benchi, kadi ya njano mapajani. Walisalimiana. Wale wajumbe hawakurudi tena.

Kabula aliitupa kadi zizini, ng'ombe wakaikanyaga. Akasema dawa hatameza tena. Mzee Masanja akanitumia mtu: binti hataki kwenda zahanati siku ile, je, naweza kumpelekea dawa nyumbani, au aje siku nyingine yoyote, hata Jumatatu, akae na wenye homa? Nilikuwa na ripoti ya kumaliza. Nikamjibu yule mtu, bila hata kuinua kichwa, "Mwambieni aje Alhamisi."

Hakuja. Mwezi wa saba, na baridi ya huku mwezi wa saba unaijua, alitoka nyumbani na khanga moja. Walimtafuta. Siku ya tatu wakamkuta pembeni ya shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa, amejikunja. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilikwambia nakwenda kikaoni, kumbe nilikwenda kuzika.

Baada ya arobaini Mzee Masanja alikuja mjini. Alitoa kwenye mfuko wa shati ile kadi, imeoshwa lakini alama za kwato bado zipo, akaiweka mezani kwangu. "Nimekuletea mali yako," akasema, akaondoka. Maziwa hayakuja tena, na wewe ulikuwa unauliza kwa nini. Kadi iko kwenye droo yangu ya kazini mpaka leo.

Yote unayosikia watu wakinisifia yametoka hapo. Niliifuta Alhamisi. Nikafuta kadi ya njano. Benchi moja kwa wote: mama wa kupima mtoto uzito, mzee wa presha, mjamzito, mwenye kukohoa, na anayesikia sauti. Kadi za rangi moja, dirisha moja la dawa, mtu asijue mwenzake amefuata nini. Nilizunguka na maneno hayo kata kwa kata, nikaongea redioni, nikawafundisha walimu, makatekista, mabalozi. Na kila semina niliwasimulia habari za Kabula, bila kumtaja jina, hadi mahali pa "mwambieni aje Alhamisi". Nilidhani nimeshalipa. Nilidhani kosa likishasimuliwa mara nyingi mbele za watu linakuwa limekuacha.

Kisha, mwanangu, ukaumwa wewe.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Ulikuwa kidato cha tano, muhula wa pili. Sista mkuu wa shule alinipigia akasema Skola hajalala siku nne, anafua mablanketi ya bweni zima, na anaongea mpaka sauti imekauka. Nilifika nikakukuta nyuma ya bweni. Ukuta mzima ulikuwa umeuandika hesabu kwa mkaa. Ulinikimbilia ukanikumbatia, unacheka, macho yanawaka, ukasema, "Baba umechelewa, nimeshamaliza! Nimepata njia ya kufaulisha shule nzima." Halafu ukaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimevaa soksi za rangi mbili.

Nilijua ndani ya dakika tano. Kazi yangu ni hiyo. Nimeyaona macho yale kwa watoto wa watu, nikawakalisha baba zao, nikawaambia kwa upole huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, msiufiche. Sista akanivuta pembeni akauliza, "Ni nini, daktari?" Nikasema, "Malaria, Sista. Imempanda kichwani."

Mwezi mmoja nyuma sista huyo alikaa mstari wa mbele kwenye semina yangu ya walimu, nikawaambia wasiseme kamwe maneno hayo, kwamba malaria kupanda kichwani ndiyo blanketi tunalowafunikia watoto wetu mpaka wanakosa hewa. Aliniangalia. Akasema tu, "Pole sana." Tangu siku ile nikimwona kanisani napita mlango wa pembeni.

Yule mgeni aliyekuja nyumbani Jumapili ile, ukadhani ni rafiki yangu wa chuoni, alikuwa tabibu wa kitengo chetu cha wagonjwa wa akili, ambaye sasa amehamia mkoa mwingine. Alikuona sebuleni, mkiongea habari za shule. Akaandika dawa. Akaniambia, "Mlete kitengoni wiki ijayo, tumfungulie faili." Sikukuleta. Faili nilifungua mimi, peke yangu, kwenye kile chumba changu cha kazini. Kwenye rejista, mahali pa jina, kalamu ilisimama. Kisha nikaandika: Agnes. Makazi: Kasense. Agnes lilikuwa jina la kwanza lililonijia. Kasense kwa sababu ni hapa karibu, na nani angekwenda kumtafuta? Kila mwezi nilisaini kwa niaba ya Agnes, nikachukua dawa, nikazimimina kwenye kopo la vitamini, nikakuletea na kukwambia ni za kujenga damu baada ya malaria. Na wewe ulizimeza, kwa sababu nilisema mimi.

Mwaka jana ulizikataa. Ulisema zinakupa usingizi na mdomo mkavu, na kwamba damu imeshajengeka ya kutosha. Baada ya wiki chache yale ya shuleni yakaanza tena, siku tatu hulali, unapanga upya vyombo vya jikoni asubuhi na jioni, na baada ya hapo majuma mawili huinuki kitandani. Ulipokubali kuzimeza tena ukapata nafuu, ulikuja ukakaa hapa ninapoandika, ukaniuliza, "Baba, kwani mimi naumwa nini?"

Nikakujibu, "Huna kitu. Umechoka na masomo."

Nimesema uongo mwingi maishani, Skola, mwingine wa kuchekesha. Huo ndio ninaouonea aibu kuliko yote. Uliuliza vizuri, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua jibu na anataka tu asiwe peke yake nalo. Nikakuacha peke yako.

Sasa nikujibu, miezi mingi imepita. Mwanangu, una ugonjwa wa akili. Ni ule wa hisia kupanda na kushuka: kuna wakati moyo na mawazo vinapanda, hulali, unaona unaweza kila kitu, na kuna wakati vinashuka mpaka kuosha uso kunakuwa kazi. Zile vitamini si vitamini. Ni dawa ya kuufanya ugonjwa huo utulie, na ndiyo imekufikisha mpaka hapo jikoni unapoimba. Huenda utaihitaji muda mrefu; mimi sina haki ya kukwambia ni mpaka lini, atakwambia daktari atakayekuona kwa macho na kukusikiliza. Hukurogwa. Hukujiletea. Si kwamba ulisoma sana, wala si kwamba bibi yako mzaa mama alikuwa akiongea peke yake shambani, ingawa hilo nalo mwambie daktari, tulikuficha na lenyewe.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza nikiwa njiani, kazini, na kanisani ambako nilipaswa kusali. Ningependa kukwambia nilikuwa nakulinda. Kuna ukweli kidogo humo: nilimwona Kabula kwenye benchi, nikawaona wajumbe wako wewe wakifika mlangoni kwetu na kugeuka. Lakini kilichokuwa kikubwa zaidi ni jina langu. Niliogopa waseme anatibu watoto wa wenzake na wa kwake amemshinda. Niliogopa nikisimama semina mtu wa nyuma anong'one. Niliwataka watu wa Mpui wawe na ujasiri ambao mimi nyumbani kwangu Malangali, kwenye nyumba ya bati na umeme, sikuwa nao. Waliokuwa wanafunga watoto wao kwa kamba niliwagombeza. Mimi nilikufunga kwa kopo la vitamini.

Sasa haya ya wiki hii.

Mwaka huu, baada ya kelele zangu zote, zahanati nyingine zimeanza kutoa dawa hizi, na Kasense imo. Utaratibu, ambao niliuandika mimi, unasema mafaili ya wagonjwa yahamishiwe karibu na kwao. Siku yanahamishwa mimi nilikuwa safarini. Karani alifanya kazi yake vizuri. Faili la Agnes likaenda Kasense. Dawa zako nilishajiwekea akiba ya miezi kadhaa, ndiyo maana sikushtuka. Na utaratibu huohuo unasema mgonjwa asipotokea kuchukua dawa, mhudumu amfuate.

Mhudumu wa Kasense ni mama mmoja anaitwa Paskalia. Analima mahindi na ulezi kama wenzake, ana watoto wakubwa, na kazi hii ya kutembelea wagonjwa anaifanya kwa moyo kuliko sisi tunaolipwa. Jumanne aliingia ofisini kwangu, kandambili zimejaa udongo mwekundu.

"Daktari," akasema, "yule binti amenishinda."

"Binti yupi, mama?"

"Agnes. Nimekwenda kwa balozi, balozi hamjui. Nimekwenda kwa katekista tukafungua daftari la ubatizo. Kina Agnes wako wanne: mmoja bibi kizee, mmoja ameolewa Laela, wawili wanasoma shule ya msingi. Nimeingia mpaka kwa wale wafugaji waliohamia kule bondeni. Nauliza kwa akili, sitaji ugonjwa, nasema nina mzigo wake. Hakuna anayemjua. Dawa hajachukua mwezi wa pili huu." Akavuta khanga. "Naogopa, daktari. Isije ikawa kama yule uliyetusimulia, wa Mpui. Jumuiya yetu tunamwombea. Sikumtaja, nimesema tu tumwombee binti mmoja aliyepotea."

Watu wa Kasense wamepiga magoti kwa ajili yako, Skola, bila kukujua. Na mimi nikakaa pale nikasema, "Haya mama, nitafuatilia." Akanishukuru.

Jana karani akaniambia ametoka Kasense na kwamba Mama Paskalia kaacha shamba lake halijalimwa na mvua ziko mlangoni, amekwenda kule kwenye lambo, anapekua matete kwa fimbo. Niliinuka. Nilichukua bodaboda, nikamkuta kweli, sketi imelowa mpaka magotini, anasogeza matete na kuchungulia. Alikuwa anaitafuta maiti yako.

Nilimwambia pale pale. Sikutaja jina lako, nakuapia, hilo ni lako. Nilisema, "Mama Paskalia, toka majini. Agnes hayupo. Ni jina nililobuni mimi kumficha mtu, na huyo mtu ni mzima."

Akatoka, akakaa kwenye tuta. Akaanza kukamua sketi yake. Nilingoja anitukane, na ningefarijika angenitukana.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula."

"Analala?"

"Analala."

"Dawa anameza?"

"Anameza, ila hajui ni dawa ya nini."

Hapo ndipo aliponiangalia. Akasema, "Basi na wewe umempoteza, daktari. Umempoteza kuliko mimi." Akainuka, akachukua fimbo yake. Alipofika mbali kidogo akageuka. "Ni wa nani, hilo sikuulizi. Lakini mwambie namsalimu. Mwambie nilimtafuta."

Ndiyo nakwambia. Anakusalimu. Alikutafuta kwa miguu.

Kuhusu kazi yangu, Jumatatu nitakwenda kwa mkuu wangu na ile rejista. Nitamwambia nilichokiandika humo, bila kukutaja. Sijui watanifanya nini, na nisikudanganye kwamba siogopi, naogopa sana. Pengine hutasikia tena redioni sauti ya baba yako. Sijui kama nitaweza tena kusimama mbele ya watu nikawaambia wasifiche. Pengine nitaweza vizuri zaidi, pengine nitakuwa kichekesho. Usibebe hilo. Na usiiache saikolojia kwa sababu yangu, wala usiisome kwa sababu yangu. Ukiona ile barua ya ufadhili ilikuwa na uongo ndani, ujue uongo haukuwa wako.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi kuondoka. Kesho stendi kutakuwa na kelele na mama yako atakuwa analia, si mahali pa mambo hayo. Ukitaka usinishike mkono, usinishike. Nitabeba begi tu nikae pembeni. Nitakusikia kwenye simu ukiwa tayari, hata ikiwa ni ya kunigombeza. Hasira zako nitazipokea. Kimya chako kitaniua, lakini nacho nitakipokea, maana mimi ndiye niliyekufundisha.

Ndani ya bahasha hii utakuta dawa zako za mwezi mmoja, kwenye pakiti zake zenyewe, zimeandikwa jina la dawa na namna ya kumeza. Lile kopo nalichoma moto nikimaliza kuandika. Utakuta pia barua ya rufaa kwenda kliniki ya huko uendako. Aliiandika leo mchana tabibu wetu mpya, baada ya mimi kumweleza ugonjwa ulivyoanza, dawa ulizomeza, na kwamba aliyeficha yote hayo ni baba mzazi. Kuna muhuri na sahihi yake. Nimemwomba sehemu moja aiache wazi, akanishangaa, nikamwambia hapo sina ruhusa ya kuandika mimi.

Ni mahali pa jina. Kalamu nimekuwekea humo humo.

Baba yako